Tatu Mfululizo Bila Kuvunjika

3 Februari

Mpwa wangu Chiriku,

Barua hii nakutumia nikiwa mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo limeanza tena kelele zake tangu ofisi ya maji iliponibadilishia njia na kunipa majengo ya ghorofa. Sasa nasoma mita mia moja na arobaini kwa siku, na thelathini kati ya hizo ziko juu kabisa. Mama yako hajambo. Bado anakaa ghorofa ya juu yangu, bado anavaa viatu vya visigino ndani ya nyumba, na bado anamwambia kila anayepanda ngazi kwamba binti yake ni mpishi mkuu katika mkahawa wa Kijapani. Juzi alimweleza bwana aliyekuja kutengeneza kengele ya mlango. Yule bwana alimsikiliza kwa adabu dakika ishirini, akaaga, akaondoka, na kengele mpaka leo hailii.

Utashangaa kwa nini naandika na simu ipo. Simu ipo, lakini dari letu ni jembamba na sauti yangu ni nene. Nikisema neno kwenye simu, dada yangu analijibu kutoka juu. Kwa hiyo jambo hili libaki kwenye karatasi, kati yangu na wewe.

Nataka kujifunza kupika ile chapati nene ya Kijapani ya kabichi, okonomiyaki, ambayo mkahawa wenu unasifika nayo. Ila iwe haina nyama, samaki, yai, maziwa, siagi wala asali. Kwa ufupi, kisiwemo chochote kilichotoka kwa kiumbe chenye macho. Sababu ni afya.

Naomba vipimo kamili: gramu, dakika, na ukubwa wa moto. Tafadhali usiniandikie "kiasi". Kiasi si kipimo.

Mjomba wako

21 Februari

Shikamoo mjomba,

Mimi mzima wa afya tele. Baridi imepungua, na chumba changu sasa kinapata jua saa nzima kwa siku, kuanzia saa nne mpaka saa tano, nami siku za mapumziko nalala ndani ya hilo jua kama paka. Mwambie mama namsalimu na kwamba koti alilonitumia linanitosha. (Halinitoshi. Wanatosha wawili kama mimi.)

Afya! Mjomba, wewe ambaye daktari alikukataza chumvi ukamwomba akuandikie gramu ngapi, kisha ukaila ile ile uliyokuwa unakula? Haya, nimekubali, afya.

Sasa sikiliza. Jikoni kwetu mambo huanza asubuhi. Kabichi inakatwa nyembamba kama nyuzi, mabeseni na mabeseni. Wewe chukua kabichi nusu, unga vikombe viwili, vitunguu majani, tangawizi ya kukwaruza, chumvi. Mahali pa yai tia kiazi kikuu kilichokwaruzwa kikiwa kibichi. Kinatoa ute unaovutika, ndio unaoshikanisha. Badala ya supu ya samaki, loweka uyoga mkavu, utumie maji yake. Changanya vyote asubuhi, uache beseni likingoje.

Mchana washa moto mkali, mimina, subiri mpaka iwe tayari, kisha irushe juu. Hapo ndipo penye raha! Bega la kulia la mpishi linapanda, linashuka, na chapati imeshageuka. Ni mkono tu, mjomba. Mfuniko hautumiki, chapati inataka hewa. Juu unapaka sosi nyeusi tamu, na hiyo sosi nakuonya mapema: ikikauka kwenye sahani, haitoki mpaka uiloweke maji ya moto robo saa na kuisugua kwa upande mgumu wa sponji.

Nipe matokeo. Na mgeni ni nani?

Mpwa wako

14 Machi

Chiriku,

Marahaba. Mama yako hajambo, koti limemfurahisha sana. Kengele bado. Mvua mbili zimenyesha, na mwenye nyumba wa jengo la nane ameniita mwongo kwa sababu mita yake imesoma sawasawa.

Sikutaja mgeni yeyote katika barua yangu. Sijui umemtoa wapi.

Matokeo ni haya, nayanakili kutoka kwenye shajara yangu.

Jaribio la kwanza, Jumamosi, 26 Februari. Nilichanganya vyote saa moja asubuhi kama ulivyoagiza, nikaenda kazini nusu siku. Niliporudi saa saba, kabichi ilikuwa imetoa maji mengi kiasi kwamba beseni lilistahili kufungiwa mita. Nilikaanga hivyo hivyo. Nilipata uji wenye nyuzi. Nilikunywa.

Jaribio la pili, Jumamosi, 5 Machi. Nilipunguza maji. Moto mkali, kikaango cha chuma, dakika nne. Nikarusha kwa mkono kama ulivyosema. Ilipanda vizuri sana. Nusu ilishuka. Nusu ilibaki darini, na mama yako akapiga kisigino sakafuni mara tatu, akauliza kwa sauti nani anabisha hodi. Nikasema ni bomba. Akasema, "Bomba gani linanukia tangawizi?" Ile nusu ilidondoka baadaye nikiwa nakunywa chai.

Jaribio la tatu, Jumapili, 6 Machi. Uliandika "mpaka iwe tayari". Nilingoja. Nje ilikuwa nyeusi, ndani mbichi. Nilijaribu kuigeuza kwa upole, ikagawanyika kama watu waliogombana.

Jaribio la nne lilikuwa refu kidogo kulieleza. Ili nisinakili mara mbili, nimekata ukurasa wa tarehe 12 kwa wembe na kuutia kwenye bahasha hii. Usome, uniambie nilipokosea. Nina haraka kidogo. Haraka yenyewe si kubwa, ila ina tarehe.

Mjomba wako

30 Machi

Mjomba! Mjomba! Shikamoo, na samahani naandika nimesimama,

Mimi mzima, wote wazima, mama amenipigia simu akasema una miwani tatu sasa: ya kusomea, ya kutembelea, na ya akiba. Nikajiuliza, huyu mtu ana macho mangapi? Kisha bahasha yako ikafika nami nikapata jibu.

Mjomba, ukurasa una pande mbili.

Upande wa tarehe 12 niliusoma, pole sana, na natumaini kidole kinaendelea vizuri. Kisha nikageuza karatasi kuona kama kuna zaidi, na zaidi ilikuwepo. Nakunakilia ili uwe na nakala, maana najua sasa hivi umeshika kichwa:

"Ijumaa, 11 Machi. Nimevuka barabara kwenda kwa Mpima Macho kukazwa skrubu ya miwani. Skrubu haikuwa imelegea. Niliilegeza mwenyewe kwa kisu kabla ya kutoka ofisini. Amesema mkataba wa duka lake unaisha tarehe 30 Juni, na hajaamua kama atauongeza au atahamia mji anakokaa dada yake. Akaniuliza ningemshauri nini. Nilisema nitafikiria. Nimefikiria kuanzia mlangoni pake. Sharti: siku chapati tatu mfululizo zitakapogeuka bila kuvunjika, nitamwomba tuoane. Kabla ya hapo nisimsumbue mtu wa watu."

Nilicheka mpaka mwenzangu wa chumba cha pili akaja kuona kama nimepata msiba. Nikamwambia, mjomba wangu anaoa! Akasema, lini? Nikasema, kabichi ikikubali!

Kulegeza skrubu kwa kisu! Wewe, ambaye ulinikataza nisikate foleni ya mkate! Na kwa nini sharti? Mtu akikupenda atakupenda na chapati iliyovunjika. Kamwambie kesho. Vuka barabara, fungua mdomo, basi. Au unataka nimwandikie mimi? Niambie anaitwaje.

Kuhusu kugeuza, jaribu moto mdogo zaidi. Au mkubwa kidogo. Inategemea. Ningekueleza vizuri, ila wiki hii nimechoka mno. Jana peke yake ilikuwa mifuniko arobaini na kitu, ina mafuta yaliyoganda ndani kwa mvuke, ukiisugua haraka inakuponyoka.

Mwambie kesho!

Mpwa wako

13 Aprili

Chiriku,

Mvua zinaendelea. Kidole kimepona. Bei ya wembe ingekuwa juu zaidi, nisingekuwa nimekata ule ukurasa.

Nimeandika sentensi hiyo, nikakaa nayo siku mbili, na sasa naona hakuna pa kujificha. Ni kweli. Mpima Macho aliniambia mwaka jana, nikiwa nimeegemeza kidevu kwenye kile chombo chake na siwezi kuitikia kwa kichwa, kwamba ana miaka kumi na mmoja hali chochote cha mnyama na hajutii kitu, ila chakula kimoja. Aliwahi kukila ujanani, akiwa chuoni. Alikieleza: kabichi, ukoko kwa nje, laini kwa ndani, sosi nyeusi. Alisema, "Siku hizi nikikiota naamka nimekasirika." Sijawahi kumsikia mtu akieleza jambo kwa ukamilifu namna ile. Nilitoka pale na miwani nisiyoihitaji.

Unasema nivuke barabara nifungue mdomo. Mdomo wangu hauaminiki. Niliufungua mwaka juzi kwenye sherehe ya kumuaga karani wetu, nikasoma takwimu. Mkono wangu ndio unaoaminika. Mkono ukiweza kufanya jambo gumu mara tatu mfululizo, hapo nitajua mwenye mkono yuko tayari. Kwa hiyo sharti linabaki, na jina sikutajii.

Sasa la pili, na hili naliandika polepole.

Nina miaka ishirini na sita ya kusoma mita. Mtu akinifungulia mlango na kuniambia bomba halivuji, mimi simbishii. Natazama namba. Barua yako ya kwanza ilisema mfuniko hautumiki. Barua yako ya pili inalalamikia mifuniko arobaini yenye mvuke ulioganda ndani. Mfuniko usiotumika haupati mvuke. Tena unalijua bega la mpishi lakini huujui moto wake, na hakuna hata sehemu moja uliponitajia dakika, isipokuwa robo saa ya kuloweka sahani. Ukifuata namba hizi zinakofikia, zinafikia kwenye sinki.

Chiriku, mimi sikasiriki, na dari halijasikia kitu. Nauliza tu, kwa sababu nimebakiwa na wiki kumi na moja: umewahi kuigeuza hata moja?

Mjomba wako

8 Mei

Chiriku,

Sijapata jibu, na hii ni wiki ya nne. Kama barua imepotea, niambie, nitaiandika upya. Kama haikupotea, basi nilisema jambo moja zaidi ya nililopaswa kusema, na naliondoa. Majaribio yamefika kumi na moja. Mama yako hajambo.

Mjomba wako

16 Mei

Shikamoo mjomba,

Barua haikupotea. Nimeibeba kwenye mfuko wa aproni mpaka imelowa.

Hapana. Sijawahi kuigeuza hata moja. Sijawahi kugeuza kitu chochote huku isipokuwa sahani. Nilipofika walisema nianzie kwenye sinki, mpishi nitakuwa baadaye. Mama akauliza kwenye simu, "Umeshakuwa mpishi?" nami nikasema "Bado kidogo," na kabla sijamaliza alikuwa ameshamweleza jirani. Kila nikipiga simu cheo kinapanda chenyewe. Nilikuwa nangoja niwe mpishi kweli, uwongo ujifutie. Sinki letu linatazama migongo yao, mjomba. Vyote nilivyokuandikia nilivisoma mgongoni mwa mtu.

Nilipanga nisikujibu kabisa. Nilikasirika siku tatu, nikaona aibu wiki mbili, kisha siku moja nikiwa nasugua nikakukumbuka unakunywa ule uji wenye nyuzi. Nikaacha sponji palepale. Nikaenda kwa mpishi wa zamu yetu, mama mmoja wa makamo tunayemwita Kimya kwa sababu hasemi. Nikamwambia, nina mjomba, anataka kuoa, nimemfundisha vibaya, nifundishe wewe. Kimya akanitazama. Akatazama mikono yangu iliyokunjamana kwa maji. Akasema maneno manne, ambayo ndiyo mengi zaidi niliyowahi kumsikia akiyasema kwa pamoja: "Miezi saba nilikuwa nasubiri."

Kumbe ilikuwa ni kuomba tu!

Sasa shika kalamu, na safari hii nimesimama mbele ya jiko mimi mwenyewe, saa mkononi. Unga gramu 120. Maji ya uyoga mililita 150. Kiazi kikuu kilichokwaruzwa gramu 60. Koroga hivyo vitatu na chumvi kijiko kidogo nusu, uache utulie nusu saa. Kabichi gramu 250 ibaki pembeni, kavu kabisa. Uitie wakati kikaango kimeshapata moto, siyo dakika moja kabla, na uchanganye mara nane tu. Kimya alinipiga kofi mkononi nilipochanganya ya tisa.

Moto wa kati. Mafuta vijiko viwili. Mimina, itengeneze duara lenye unene wa vidole viwili, na usiikandamize. FUNIKA. Dakika sita. Hairushwi, mjomba, hairushwi! Lile bega linapanda kwa sababu mwiko mmoja bapa unaingia kushoto na mwingine kulia. Wewe huna miiko miwili, kwa hiyo telezesha chapati kwenye sahani, funika sahani kwa kikaango, kisha pindua vyote kwa pamoja bila kufikiri. Dakika sita tena, na mbili za mwisho bila mfuniko, ukoko ukauke. Ikikuvunjikia, isukumize ishikane, ifunike, itajiunga.

Sosi: ya soya vijiko vitatu, nyanya ya kopo vijiko vitatu, sukari viwili, siki kimoja, ichemke mpaka iwe nzito. Ile nyeupe ya juu, badala ya mayai, piga maziwa ya soya na mafuta na ndimu mpaka mkono ukulaumu. Mwisho, pale wanapotia samaki mkavu wa kuparua, wewe nyunyiza mwani uliosagwa. Tumeonja zote mbili. Kimya alikula ya kwako akamaliza, ya samaki akaiacha.

Yangu ya kwanza ilivunjika vipande vitatu. Ya sita ikageuka nzima. Nilipiga kelele, wateja wakapiga makofi bila kujua sababu. Sasa Jumanne mchana napika mimi. Siku nyingine bado sinki.

Kwa mama nitaandika mwenyewe. Usimwambie. Wiki sita, mjomba!

Mpwa wako

20 Juni

Mpwa wangu,

Naanza na mama yako, kwa kuwa utataka kujua. Barua yako aliisomea ngazini, amesimama, mara mbili. Kisha akashuka kwangu, akakaa, akavua viatu, jambo ambalo sijaliona tangu tuhamie hapa. Akasema, "Miezi yote hiyo mtoto wangu anaosha vyombo, na mimi namtangaza." Nikamwambia unapika Jumanne. Akafikiri. Asubuhi nilimsikia akimwambia mleta maziwa, "Binti yangu ni mpishi wa Jumanne. Siku nyingine anawapumzisha wengine." Amekusamehe, na cheo kimeshaanza kupanda tena.

Sasa langu.

Kwa vipimo vyako, jaribio la kumi na mbili lilivunjika pembeni. La kumi na tatu na la kumi na nne, chapati zikageuka nzima. Nilikaa chini jikoni dakika chache. Ya tatu ningeipika mbele yake. Nikavuka barabara, nikamwambia, "Nakualika chakula cha mchana Jumapili tarehe 19, saa saba, hakina macho." Akasema, "Nini hakina macho?" Nikasema, "Chakula." Akasema atakuja.

Alikuja saa saba kasoro dakika mbili. Kengele haifanyi kazi, akagonga. Alipofika mlango wa jikoni alisimama, akanusa, akasema polepole, "Hapana. Haiwezekani." Kisha akasogea kando ya jiko akatazama kikaango, kwa karibu, kama anavyotazama ndani ya jicho la mtu. Dakika sita zikaisha. Nikatelezesha, nikafunika, nikapindua bila kufikiri, kama ulivyoagiza. Ila nilifikiri, Chiriku. Mahali pale hasa pa kupindua, nilifikiri. Ikavunjika katikati.

Niliisukumiza ikashikana, nikafunika, nikapaka sosi zote mbili, nikanyunyiza mwani, nikamwekea. Alikula yote. Alikula na makombo. Akaomba nyingine, akaila pia, halafu akaweka uma mezani akasema, "Miaka kumi na mmoja." Macho yake yalikuwa yamelowa kidogo, naye ni mtu anayejua matone ya kila aina.

"Mbona umepoa?" akaniuliza. "Umenipikia kitu nilichokuwa naamka nimekasirika kwa ajili yake, halafu unakaa kama umefiwa."

Nikamweleza. Unajua siwezi kudanganya nikiulizwa moja kwa moja. Nikamweleza sharti, tatu mfululizo, na kwamba ya leo ndiyo ilikuwa ya tatu.

Akavuta sahani ya kwanza, akaitazama. "Mbona niliiona nzima?"

"Imeungwa."

"Na ingegeuka bila kuungwa, ungeniomba nini?"

"Siwezi kusema. Haikugeuka."

Alicheka mpaka akavua miwani. Akaifuta, akaivaa, akacheka tena. Kisha akaniambia, "Haya. Wewe una sharti, umefungwa. Mimi sina. Mkataba wa duka nimeusaini Ijumaa, miaka mitano, ingawa hukunishauri chochote. Kwa hiyo nauliza mimi. Tuoane?"

Mpwa wangu, nilisimama. Nilikaa. Nikasema, "Nitakujibu kwa maandishi."

Dari likajibu kabla yake. "Sema ndiyo, mjinga wewe!" Visigino vikapiga mara tatu. Mpima Macho akatazama juu, akasema, "Shikamoo, wifi," na dari likaitikia, "Marahaba, mwanangu, usiondoke!" Hapo nikajua kwamba dada yangu alikuwa amelala kifudifudi sakafuni tangu saa saba. Lakini sikubadilisha msimamo. Jambo kama hili haliamuliwi kwa kupigiwa kelele. Mpima Macho akachukua mkoba wake, akasema atasubiri barua, akashuka ngazi akicheka, na nilimsikia akicheka mpaka barabarani.

Niliandika rasimu nne. Ya kwanza ilikuwa kurasa tatu. Ya pili ilikuwa na vichwa vya habari. Leo asubuhi, kabla ya kwenda kwenye mita, nilichukua karatasi safi, nikaandika neno moja, kubwa, katikati, kwa kalamu nene tunayoandikia namba za mabomba, nikavuka barabara.

Alikuwa na mteja, mzee aliyekalia kiti cha kupimiwa, ameziba jicho la kushoto kwa mkono, anasoma herufi za ukutani. Nilitaka kurudi. Mpima Macho akanyoosha mkono, nikampa karatasi. Akaisoma. Kisha akarudi mpaka ukutani, akaziziba zile herufi kwa karatasi yangu, akaishika kwa mikono miwili kifuani pake.

"Mzee," akasema, "hebu nisomee na hii."

Yule mzee akasogeza kidevu mbele, akakaza jicho, akasoma herufi moja moja kwa sauti iliyosikika hadi kituo cha mafuta:

"N. D. I. Y. O."

"Una uhakika?"

"Naiona vizuri sana, mama. Ni kubwa mno."

Mpima Macho akachukua kadi yake, akaandika kwamba jicho la kulia halina tatizo lolote. Kalamu ikaenda nje ya mstari.

Mjomba wako